Ua la Mlangoni kwa Nakunda

Paukwa!
Pakawa!
Nawapa kitunguu.
Tupe, machozi tunayo wenyewe.

Hapo zamani za kale alikuwako binti wa mlimani, jina lake Nakunda. Akaolewa bondeni, kwa watu wenye ng'ombe na ghala. Siku ya kuondoka, mama yake akampa vitunguu mwitu, vile vinavyoota juu kwenye mawe, mboga ya wasio na mboga. "Kapike, mwanangu."

Nakunda akaona haya kuvipika. Akavipanda mlangoni. Vikachanua maua ya rangi ya zambarau, ya mviringo kama ngumi ya mtoto. Watu wakamiminika kutazama. "Ua gani hili?" Nakunda akajibu, "Ua la kwetu. La kutazamwa tu, haliliwi." Sifa zikampanda kichwani.

Ukame ukaja. Njaa ikaingia mlimani, mama akashuka kwa miguu kumwomba mwanawe nafaka. Nakunda alikuwa ndani na mama mkwe na wageni. Akachungulia dirishani, akamwona: kanga imechanika, ameinama, anachuma majani ya lile ua na kuyatafuna.

"Hodi," mama akaita.

Ua likamnong'oneza Nakunda, "Mwitikie, ni mama." Nakunda akaondoka dirishani.

"Hodi."

"Mwitikie, ni mama."

Mgeni mmoja akauliza, "Nani huyo anayekula maua?"

"Simjui," akasema Nakunda.

"Hodi." Sauti ilikuwa imekwisha.

"Mwitikie, ni mama." Nakunda akajitia kumimina uji.

Nanyi mnajua, hodi ni tatu. Isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka. Mama akarudi na njaa yake.

Wageni walipoondoka, aibu ikamkaba Nakunda. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, yule alikuwa mama yangu."

"Nilijua," akasema mama mkwe. "Mna uso mmoja. Lakini mlango huu ni wako, na hodi yake ni wewe wa kuiitikia. Nilikuwa nakungoja."

Nakunda angependa ardhi immeze. Akajitwika mtama, akapanda mlima mbiombio, akamkuta mama yake amekaa kizingitini. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, bibi, Mungu akuzidishie," kama anavyoshukuriwa mtu baki.

Ngano yangu naitua hapo, anayeitaka aibebe. Ukimwonea haya aliyekuzaa, aibu hiyo ni yako, utakaa nayo. Na wewe unayejifuta macho pale nyuma, usisingizie moshi. Moto umezimika kitambo.