Kijino cha Kiboko na Nyumba ya Pimbi

Paukwa.

Pakawa.

Juu pakawa nini?

Pakawa gari.

Chini pakawa nini?

Pakawa nyumba, na ndani ya nyumba watoto.

Basi sogeeni, niwapitishe hapo katikati.

Aliondokea Pimbi, mjane, fundi wa magari ya wanyama. Mwili wake mdogo, anaingia chini ya gari bila jeki. Alikaa na wanawe watatu kwenye ufa wa mwamba, chini ya mteremko, karibu na mto. Nyumba hiyo kajengewa na Mungu mwenyewe, ndivyo alivyoshukuru kila asubuhi, maana nje ya mwamba kulikuwa na Mwewe, na Mwewe hula watoto wa pimbi.

Naye Kiboko alikuwa na gari la otomatiki, kubwa, linang'aa. Kutwa huzunguka mashambani akibeba matikiti ya watu, haombi wala hashukuru. Kwake ni mtoni, lakini gari huliegesha juu kwenye mteremko, sawasawa juu ya paa la Pimbi, ili kila mnyama alione. Akifika anaweka gia kwenye P, ya kuegesha, anashuka. Breki ya mkono haigusi. Gari linarudi nyuma kidogo, linalia kaa. Asubuhi akitoa P, kaa.

Pimbi akisikia kaa, anatazama paa. Yeye fundi, anajua. Ndani ya giaboksi gari lote limening'inia kwenye kijino kimoja cha chuma, hakizidi kidole. Matikiti yanaongezeka kila siku. Kijino ni kile kile.

Siku ya kwanza akaenda.

"Bwana mkubwa, vuta breki ya mkono."

"Otomatiki hii, Mama Pimbi. Nikiweka P imelala."

"Imelala juu ya wanangu."

"Basi waamshe."

Siku ya pili akaenda. Akaambiwa yale yale. Siku ya tatu akaenda, akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto sala:

"Kanyaga breki. Weka N, gia huru. Vuta breki ya mkono, ka ka ka. Achia mguu polepole, gari likae kwenye breki. Likishatulia, ndipo uweke P. Hapo kijino kinapumzika."

Kiboko akapiga miayo hadi magego yakaonekana.

"Wewe huna hata baiskeli, unanifundisha gari."

Pimbi akavuta mwenyewe ile breki, ajaribu. Akahesabu ka kumi na tano, na gari halikushikwa. Waya umelegea kama ulimi wa mbwa.

Akarudi nyumbani, akasali, akalia, akasali tena. Hakujibiwa. Mungu amsamehe, hakungoja.

Siku ya nne akaenda.

"Natoka kwa Tembo, bwana mkubwa. Nimemkazia breki ya mkono. Ilikuwa ka kumi na tano kama yako, sasa inashika kwa ka sita."

"Tembo ana sita?"

"Sita. Ndiyo sawa."

"Mimi nitie mbili."

"Mbili hazifai. Itabana hata ukiishusha."

Maneno yalikuwa ya kweli. Lakini aliyasema akiangalia chini, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeficha kitu kizuri.

"Unaninyima," Kiboko akasema. "Nimekwambia mbili."

Pimbi akaingia chini na spana, akakaza nati, kri kri kri. Kiboko akavuta. Ka, ka. Akacheka mpaka mashavu yakatikisika.

Pimbi alikuwa amepiga hesabu yake. Magurudumu yatabanwa, yatafuka moshi kule kule mashambani, na gari halitapanda mteremko tena. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake yote.

Kesho yake Kiboko akapakia matikiti mara mbili, kumpita Tembo. Gari likaondoka, fsss. Likanuka kuungua.

"Majirani wanaunguza ugali," akasema Kiboko, akakanyaga mafuta.

Gari lilikuwa na nguvu kuliko hesabu ya Pimbi. Likapanda, fsss, likapanda, fsss, likafika pale pale pa kila siku, huku breki za nyuma zimeungua zikabaki chuma kitupu. Kiboko akavuta ka, ka. Hazikushika kitu. Akaweka P, akakimbia moshi.

Kaa.

Halafu Pimbi akasikia mlio asiowahi kuusikia. Kriii.

Akamtoa mtoto wa kwanza. Kriii. Akamtoa wa pili. Kriii. Akamng'ata kitinda mimba shingoni, akaruka naye.

Ti. Kijino kimekatika.

Gudu gudu gudu, puu. Gari likaingia ndani ya ufa, likakwama hapo, likaibomoa nyumba yote. Matikiti yakapasuka.

Kiboko akaja mbio. Akaingiza kichwa pembeni mwa gari, mabega yakagoma.

"Nipe matikiti yangu."

"Ingia uchukue," akasema Pimbi.

Watoto wakala mpaka wakavimba. Mama yao hakula. Alikaa juu ya jiwe, peupe, wanawe chini ya tumbo lake, Mwewe akizunguka.

"Mungu wangu," akasema, "nilimwambia kweli kama vile namwambia uongo, ili asiisikie. Kosa ni langu. Nyumba ilikuwa yako."

Akawarudisha wanawe kwenye upenyo uliobaki pembeni mwa gari.

Mwezi ukaisha. Kiboko akaja na gari jingine, kubwa zaidi, la otomatiki. Akalipandisha mteremko ule ule. Pimbi akakusanya wanawe, akasikiliza.

Kaa.

Basi fundisho ndilo hili: breki ya mkono haina kazi kwenye otomatiki. Gari la Kiboko lilisimama vizuri kabisa, na lililolisimamisha ni nyumba ya Pimbi. Wewe mwenye gari usihangaike na waya wala spana. Hakikisha tu kuna mjane anayekaa chini ya mteremko.

Hadithi yangu naiegesha hapa. Nimevuta ka sita. Ikiwateremkia, mjue hazikutosha.