Jina la Mjukuu Wangu

Hapo zamani, zahanati yetu ya Kwamboa ilipokuwa na chumba kimoja na benchi moja, tumbo lilipelekwa kwa nesi, jino kwa Mbonea. Mzee Mbonea alikuwa na koleo lake, maji ya chumvi na mkono mwepesi. Siku zile nazikumbuka mpaka moyo unaniuma.

Nesi Eliapenda ndiye aliyeanzisha visa. Ukienda kliniki ya wajawazito, anakupima uzito, anakupima presha, kisha: "Fungua mdomo, mama." Tulimcheka sana.

Nakijwa, mke wa mwanangu, alikwenda na mimba ya miezi minane, shavu limevimba kama andazi, kalifunika kwa kanga.

"Nesi, nimeleta mimba, sikuleta jino."

"Vyote vimo kwenye mwili mmoja, mama."

Akagoma, akarudi nyumbani. Siku ya tatu homa ikapanda, uvimbe ukashuka shingoni. Akajikokota kwa Mbonea. Mzee akachungulia, akarudisha koleo mfukoni.

"Hili limenizidi, mwanangu."

Akambeba mgongoni, mlima mzima, hadi zahanati ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Nesi akamchoma sindano, akaandika barua, akampa dereva wa lori la tangawizi ampelekee Chediel, tabibu wa meno wa wilayani. Chediel alikuwa likizo, anamuuguza mama yake. Akaja na lori hilohilo, akang'oa jino na kukamua usaha palepale kwenye kitanda cha kujifungulia.

Mwezi uliofuata mtoto akazaliwa salama. Kwetu, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemwokoa, jina moja tu, na anayelitoa ni bibi. Yaani mimi huyu.

Siku ya kutoa jina wote watatu wakaja kwangu. Nesi akasema, "Mimi nililiona mapema, mkinicheka. Sindano yangu ndiyo iliyomshikilia hai."

Chediel akasema, "Usaha ungebaki, angekufa yeye na mtoto. Nami nilimwacha mama yangu mgonjwa."

Mbonea akasema, "Mimi nilikataa tu, shemeji. Tangu siku ile haniletei mtu jino tena. Na mtoto wa kubeba jina langu sina."

Siku hizi kiti cha meno kiko chumba kimoja na mizani ya watoto, na wale watatu wametangulia. Lakini siku ile nilimpakata mjukuu wangu, wakanitazama, nikataja jina moja. Wawili walinyanyuka bila kunywa chai, na mpaka leo sijui kama nilitenda haki. Jina siwaambii. Semeni kwanza ninyi: nani alistahili?