Mstari wa Birika

Katika habari za waja wema wa zamani imepokewa kwamba kwenye mji mmoja wa milimani, huko Yemeni, aliishi mzee jina lake Thumama, mtunza birika la msikiti. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na saba. Alileta maji kwa punda kutoka bondeni, akaopoa majani yaliyoanguka, na kila siku kabla ya adhana ya alfajiri aliteremka ngazi za birika kutazama maji yamefika wapi.

Ndani ya birika, usawa wa ngazi ya pili kutoka juu, ukuta ulikuwa umechorwa mstari mwekundu. Mstari huo ulionyesha kipimo cha maji ambacho wanavyuoni hukiita qullatain. Maji yakiufikia mstari, hata najisi ikianguka ndani yake, maadamu hayakubadilika rangi wala ladha wala harufu, yalibaki tohara na watu wakatawadha. Yakiwa chini ya mstari, najisi ndogo ilitosha kuyanajisi yote. Watu wa mji ule walikuwa wafumaji na wakulima. Hawakuteremka kupima. Walimwachia Thumama.

Mkewe, Bi Nusaiba, hakuwahi hata siku moja kuliona birika lile kwa ndani. Lakini dirisha la nyumba yao lilielekea mlango wa msikiti, na kila alfajiri Thumama alipopanda kutoka birikani, mkewe alimwuliza kutoka dirishani, "Mstari umeuona?"

"Nimeuona."

Siku nyingine alimjibu, "Nimeuona, unakusalimu." Naye Bi Nusaiba akasema, "Uambie na mimi nausalimu." Na siku alizosahau kuutazama, alirudi chini akautazama, kwa kuwa hakuweza kumwambia mkewe jambo lisilokuwa.

Ukaja mwaka wa ukame. Kisima cha mji kilikauka, na safari ya bondeni ikawa ya asubuhi hadi jioni. Katika mwaka huo Bi Nusaiba aliugua miezi minne, na siku moja, kabla ya alfajiri, akafariki. Wanawake wakamwosha kwa maji ya mtungi wa nyumbani, yaliyotoka bondeni siku iliyotangulia.

Thumama akachukua ndoo yake akaenda birikani, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea. Alikuta panya aliyekufa akielea juu ya maji. Akamwopoa kwa ndoo, akamshika mkia akamtupa nje ya ukuta, akapanda juu. Dirishani hapakuwa na mtu. Akaadhini.

Watu wakatawadha kwa maji yale, wakasali alfajiri, kisha adhuhuri, kisha wakamsalia Bi Nusaiba safu tano, wakamzika.

Alasiri ilipokaribia, Thumama alirudi birikani kuandaa maji. Dhakwan, kaka wa Bi Nusaiba, alifuatana naye ili asiwe peke yake. Thumama akashuka mpaka ngazi ya tatu, akainama kuteka, na hapo akaitazama miguu yake. Ilikuwa mikavu, ilhali maji yakifika mstarini ngazi ya tatu huzama. Mstari ulikuwa juu ya maji kwa shubiri nzima.

Akasimama vile vile na ndoo tupu mkononi.

"Shemeji, vipi?" Dhakwan aliita kutoka juu.

"Alfajiri nilisimama hapa hapa nikamtoa panya. Nilipanda na miguu mikavu."

"Panya gani?"

"Panya aliyekufa. Maji yalikuwa chini ya mstari, Dhakwan. Watu wote wametawadha kwa maji ya najisi."

Dhakwan alishuka ngazi mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Nani mwingine alimwona?"

"Hakuna."

"Basi tia ndoo nne tano, maji yafike mstarini, yatoharike. Yaliyopita yamepita. Mfiwa huona mengi, shemeji. Pengine hukuona panya."

"Nilimshika mkia."

"Unataka dada yangu awe kichekesho? Waseme yule ndiye maiti wa panya?"

Thumama aliiweka ndoo ngazini. Jambo hilo hilo lilikuwa likimwuma. Akinyamaza, jina la mkewe litabaki na heshima yake, na watu wataendelea kusema walivyosema makaburini, kwamba safu zilikuwa nzuri. Lakini amelala huko bila sala iliyo sahihi, na anayejua ni mmoja tu.

"Kama angekuwa dirishani," alisema, "ningemwambia nini?"

Akapanda, akaenda kwa Sheikh Jubair, imamu wa msikiti, akamweleza. Sheikh alikuwa mtu mpole. Alijua mji hauna maji, na alimwonea huruma mfiwa.

"Ndugu yangu Thumama," alimwambia, "nisikilize vizuri kabla hujanijibu. Mtu akikuta najisi ndani ya maji na asijue imeanguka lini, wala maji yalikuwa kiasi gani, sala za watu haziharibiki kwa shaka. Hiyo ni rehema ya sheria. Sasa niambie, una shaka au una yakini?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu lilitosha, na hakuna binadamu ambaye angelipinga.

"Nina yakini, maulana. Miguu yangu ilikuwa mikavu."

Sheikh akainamisha kichwa, kisha akatoka naye hadi mlangoni mwa msikiti, ambako watu walikuwa wanakusanyika kwa sala. Akamwambia aseme mwenyewe. Thumama akasema yote: panya, ngazi ya tatu, mstari. Mwisho akasema, "Kila siku mke wangu alikuwa akiniuliza kama nimeuona mstari. Leo hakuwepo wa kuniuliza, nami sikuutazama. Nisameheni."

Hapo mfumaji mmoja, Labidi, mtu wa maneno makali, akasema, "Miaka ishirini na saba analinda maji, leo anatutawadhisha kwa supu ya panya!" Wachache wakacheka. Mwingine akauliza viungo vitaoshwa kwa kitu gani, kwa mate? Dhakwan alikuwa amesimama nyuma, uso ameugeuzia ukuta.

Sheikh Jubair akawaambia, "Osheni palipoguswa na maji yale, mwilini na nguoni. Mtatawadha upya, mtazisali tena alfajiri na adhuhuri. Kisha tutakwenda kaburini tumsalie Bi Nusaiba, kwani bado hajasaliwa."

Neno hilo la mwisho liliwanyamazisha hata waliocheka. Labidi aliondoka bila kuaga, wakadhani amekasirika. Alirudi na mtungi begani, akautua mbele ya Thumama.

"Haya ni ya kunywa," alisema. "Tutakunywa kesho, punda wakirudi. Mimina taratibu, mzee, usimwage."

Wengine wakaenda majumbani mwao, mtungi mmoja mmoja ukaletwa. Thumama aliwamiminia watu wote kwa mkono wake, na Dhakwan akawa wa mwisho kunyoosha mikono. Wakasali. Kisha, jua likiwa limeshuka, wakapanda makaburini wakapanga safu mbele ya kaburi jipya. Zilikuwa saba.

Alfajiri iliyofuata Thumama aliteremka birikani. Alipopanda, alimkuta Labidi amefika kabla ya watu wote, ameketi kwenye kizingiti cha msikiti.

"Mzee Thumama," Labidi alisema, "mstari umeuona?"

Thumama alilitazama dirisha la nyumba yake, kisha akamtazama yeye.

"Nimeuona," akasema. Akaenda kuadhini.

Ndugu zangu, sheria ilimfungulia Thumama mlango wa shaka, na mlango huo ni rehema kwa mwenye shaka. Yeye hakuwa nayo, ndiyo maana hakuupita. Nasi tukioga na kutawadha na kuosha nguo zetu, tukumbuke kwamba yapo ya tohara ambayo hakuna anayeyajua ila mwenyewe na Mola wake. Na mwenye mtu nyumbani wa kumwuliza kila asubuhi, amjibu vizuri maadamu yupo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuuliza wakatangulia.