Nyangeta na Kamba Iliyopimwa kwa Mguu wa Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye njaa asogee mbele, aliyeshiba akae nyuma. Ngano hii haimhusu.

Hapo kale, samaki wakiwa na mashavu na viboko wakiwa na vyeo, Mtemi Kiboko alitangaza mashindano ziwani. Atakayevua sato wa kwanza, kwa ndoano na kamba, ghuba yote ni yake. Wengine wakale konokono.

Nyangeta, fisi maji, alikuja mbio. Watoto wake walikuwa wamekula konokono hadi wakiona gamba lake tu wanalia.

Mtemi akakata kamba, kila mmoja kipande, urefu sawa. "Haki kwa wote! Equal opportunity! Na ole wake atakayeleta kamba ya nyumbani!"

Haki! Mnajua kamba ile ilipimwa wapi? Kwenye mguu wa Korongo. Na Korongo ni nani? Mkwe wa Mtemi! Asubuhi sato hula ukingoni, kwenye maji ya magoti. Kamba fupi inamtosha anayesimama humo kwa miguu mirefu. Kazi ina mwenyewe, ninyi mnapiga pasi mashati ya intavyu!

Lakini Mtemi alipenda hotuba. Akahutubia. Akashukuru. Akahutubia tena. Jua likapanda mpaka utosini, maji ya juu yakawa moto kama uji. Ndipo akasema, "Anzeni!"

Korongo akatupa ukingoni. Wapi! Mdiria akatupa penye magugu. Wapi! Bata akatupa mbele kidogo. Wapi!

Nyangeta akatia mkono majini: moto. Akazama kidogo: vuguvugu. Akazama tena, chini kabisa: aaa, baridi! Na huko mikia inapepea. Sato naye anatafuta kivuli, jamani, ana akili kuliko kamati.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. Akamwendea Mdiria.

"Kaka, fundi kama wewe unahangaika na kauzi? Nipe, ukapumzike."

Akapewa.

"Dada Bata, manyoya hayo yataungua na jua. Nipe nikushikie."

Akapewa.

"Shemeji Korongo…"

"Shemeji yako nani?"

"Si leo leo unakuwa bosi wetu? Umeona wapi bosi anashika kamba mwenyewe?"

Korongo akavimba shingo. Akampa.

Nyangeta akaziunga na yake: fundo, fundo, fundo. Akashusha. Nisaidieni!

Shuka, kamba!

Shuka!

Shuka, kamba!

Shuka!

Shuka, kamba!

Shuka!

Ikafika kwenye ubaridi. Twa! Akatoka sato mpana kama sinia.

Mtemi akafoka, "Umevunja sheria! Kamba ndefu hivi umeitoa wapi?"

"Kwako, baba Mtemi. Umeikata mwenyewe. Sijaongeza hata uzi."

"Sasa mkwe wangu atakula nini?"

Loo! Mtemi akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno limeshatoka. Bata akaanza kucheka, Mdiria akadakia, vyura wakaanguka chali.

"Atakula kwangu," Nyangeta akajibu. "Nyote karibuni. Ila mkwe apare magamba kwanza."

Korongo akapara. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu azaliwe, na watoto wa Nyangeta wakamsimamia: "Bado hapo, mjomba! Na hapo!"

Ngano imefika nchi kavu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, msimpe Mtemi kipaza sauti.