Mtaro wa Njia ya Nyuma

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mitaa na wenyeviti kama sisi, Mzee Tembo alikuwa mwenyekiti wa mtaa wa Bondeni. Barabara ya mbele ya geti lake ilikuwa laini kabisa. Huko nyuma walikoishi wadogo, njia ilikuwa mashimo matupu, na kando yake mtaro mrefu ulioachwa wazi.

Siku moja ya mvua mtoto wa Mama Pimbi alikuwa anatoka shule. Akateleza, chubwi! mtaroni. Walimtoa mguu umevunjika. Mama yake akaenda kwa mwenyekiti akilia, na mnajua alijibiwa nini?

"Mtaro gani? Mimi nanyanyua mguu mmoja tu, nimeshavuka. Mfundishe mwanao kutembea."

Jibu hilo linanichemsha damu mpaka leo. Mtoto kavunjika mguu, halafu anaambiwa hajui kutembea!

Nguchiro, jirani wa Mama Pimbi, naye alichemka. Lakini hakwenda kugomba. Alijua binti wa Tembo anaposwa na wakwe wanakuja Jumamosi, basi akaenda akatoa shikamoo yake kwa adabu zote.

"Marahaba. Una shida gani tena?"

"Sina shida, Mzee. Nimesikia tu kwamba mashangazi wa bwana harusi watapita njia ya nyuma. Wanataka kuja kwa miguu wakiimba, kila nyumba iwaone."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Njia ya nyuma? Na ule mtaro?"

"Mtaro gani, Mzee?" Nguchiro akauliza taratibu.

Tembo akawaita Nyati na Kifaru, na kazi ikaanza, kru kru, puu! Wakajaza mashimo kokoto, wakaufunika mtaro kwa mawe mapana, wakatengeneza na njia ya waenda kwa miguu. Kumbe waliweza siku zote.

Jumamosi wakwe wakaja kwa barabara ya mbele, wakala, wakaondoka. Tembo akatoka amevimba kwa hasira, akamkuta Nguchiro pale mtaroni na majirani.

"Umenidanganya."

"Ndiyo, Mzee. Mama Pimbi alikuletea ukweli, ukamfukuza. Mimi nimekuletea uongo, ukabeba mawe."

Tembo akaapa kuyang'oa mawe yote. Hapo Mama Pimbi, mwanawe mgongoni, akapanda juu ya jiwe moja akasimama.

"Basi anza na hili," alisema.

Majirani nao wakapanda, kila mmoja na jiwe lake, mpaka mtaro mzima ukajaa wadogo waliosimama wakimtazama. Tembo akatazama huku na huku, akageuka, akarudi kwake.

Hadithi yangu inakomea hapo, wanangu, nanyi mshike hili: kiongozi anayeona shida ya wadogo pale tu anapoogopa aibu mbele ya wakubwa, hafai kuongoza.