Nyumba Iliyonenepa

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Hiyo ndiyo sauti ya watu waliokula wakashiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, huko mbali ambako hata babu yangu alikusikia tu, palikuwa na kijiji cha wakulima wa ulezi. Na katika kijiji hicho palikuwa na bibi mmoja, Nyamizi. Mfupi, mkavu, vidole vimejaa udongo. Kila mwaka bibi huyu alikandika nyumba yake. Wenzake walikandika penye ufa. Yeye alikandika hata pasipo na ufa. Pa! Pa! Pa! Udongo juu ya udongo, tena kwa ndani, mlango umefungwa. Mwaka huu ukuta una unene wa kiganja, mwaka ule una unene wa dhiraa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Nyumba ya Nyamizi inanenepa! Itazaa lini?"

Aliyeumia ni Kalunde, mke wa mwanawe. Alikaa humohumo na mumewe, Mihambo, na kitoto chao kichanga, Limi. Alipoletwa hapo bibi harusi, chumba chao kilitosha kitanda, mtungi na mkeka. Sasa mtungi ulikuwa nje, mkeka umekunjwa, na Kalunde akijigeuza kitandani goti lake linagonga ukuta. Ndu!

"Mama," alimwambia mavyaa wake siku moja, "mwaka kesho tutalala wima?"

"Mtalala, mwanangu. Mradi mko hai, mtalala vyovyote."

Majibu gani hayo? Kalunde akanuna kutwa nzima.

Na kulikuwa na jingine. Kila Kalunde alipopima ulezi wa kusaga, mkono wa mavyaa ulipenya, ukachota konzi moja, ukaondoka nayo. Chwa! Kesho tena, chwa!

"Wa nani huo, mama?"

"Wa mgeni."

Mgeni gani? Miaka ilipita, na Kalunde hakumwona mgeni akila hata tonge. Moyoni akasema, mama huyu ana lake, anakula peke yake. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Kijiji kile kilikuwa na mila yake. Ulezi ukikaribia kuvunwa, walikuwa na Siku ya Kufagia Vihenge. Kihenge mnakijua, lile kapu kubwa la nafaka linalosimama uani. Siku hiyo kila kihenge lazima kiwe kitupu. Walisema ulezi wa zamani ukikutana na mpya, mpya unaona wivu, haurudi tena shambani. Basi ulezi uliobaki ukapikwa pombe, ukapikwa ugali, mbwa wakala mpaka wakasusa. Kisha Mzee Kasanda, mkuu wa mila, alipita nyumba hadi nyumba. Anaingiza kichwa kihengeni, anapaza sauti, "Kweupe!" Nao wanaitikia, "Kweupe!" Aliyekutwa na akiba ya mwaka jana alifukuzwa kijijini, yeye na wanawe. Hapakuwa na mzaha.

Mwaka huo Mzee Kasanda akachungulia kihenge cha Bibi Nyamizi. Kweupe! Na bibi alipiga vigelegele kuliko wote. Ngoma zikalia. Shambani ulezi umeinama kwa uzito, kesho ni kuvuna.

Kesho ikafika. Asubuhi ile jua likafifia. Kalunde akadhani ni wingu. Lakini wingu gani linalolia? Vuuuuuu! Nzige! Jamani, nzige! Watu walipiga ngoma zilezile za jana, wakawasha moshi, wakapunga nguo. Wapi! Nzige wakatua. Kwe-kwe-kwe-kwe, wakatafuna. Walipoinuka kwenda zao, shamba lilikuwa vijiti. Kihengeni kweupe, na shambani kweupe.

Watu wakaokota nzige waliokufa, wakawala. Wakaisha. Wakachimba mizizi. Ikaisha. Mihambo na wanaume wenziwe wakashika njia kutafuta chakula nchi za mbali, na hawakurudi upesi. Kalunde maziwa yakamkauka. Limi akalia, akalia, halafu akanyamaza. Kalunde aliogopa ukimya ule kuliko kilio chote.

Akambeba mtoto, akasimama mbele ya mavyaa wake.

"Mama, konzi zile za mgeni ziko wapi? Kama ulikula, sema ulikula, nijue moja. Mwanangu anakufa!"

Bibi akashika nyayo za mtoto. Baridi.

"Kuna mzizi umebaki?"

"Hakuna kitu, mama. Hakuna!"

"Basi mgeni amefika," akasema bibi. "Nipe mchi."

Akaingia chumbani kwa Kalunde, akauinua mchi, akaupiga ukuta palepale goti la Kalunde lilipokuwa likigonga. Pu! Udongo ukamomonyoka. Pu! Pu! Kaa!

Chwaaaaaa!

Ulezi! Mwekundu, mkavu, unamiminika kama maji, unafunika miguu yao. Ndani ya ukuta mlikuwa na kibuyu, mdomo umezibwa kwa nta na majivu. Chini yake kibuyu kingine. Kando yake vingine. Ukuta mzima! Kuta zote za nyumba! Kalunde akakaa chini juu ya ulezi. Miaka yote amelala kajibanza kwenye chakula, na hakujua.

Kisha akaruka. "Mama, funga mlango! Kasanda akisikia tumekwisha!"

"Fungua," akasema bibi. "Fungua, mwanangu, uwaite wote."

Wakaja wakijikongoja. Wakaona. Mzee Kasanda akashika fimbo yake kwa mikono miwili asianguke.

"Nyamizi, umevunja mila."

"Nimevunja, Kasanda. Nifukuze. Lakini kwanza kunywa uji."

Limi alilishwa wa kwanza, kwa ncha ya kidole, tone baada ya tone, mpaka akalia. Oo, kilio kile! Kina mama walikiitikia kwa vigelegele. Kasanda akapewa bakuli lake. Akanywa, machozi yanadondokea humo humo kwenye uji, na neno la kufukuza halikutoka tena.

Kila nyumba ikapata kipimo chake, ukuta baada ya ukuta, mpaka mawingu ya mvua yakaonekana. Ukabaki ukuta mmoja, wa kichwani mwa kitanda cha bibi. Kalunde akashika mchi. Bibi akauegemea ukuta kwa mgongo.

"Huu haupikwi. Huu ni mbegu."

Watu wakameza mate, na njaa bado ilikuwa inawauma, lakini hakuna aliyesogea. Mvua ikanyesha, wakapanda. Wanaume wakarudi wakakuta shamba la kijani, na nyumba iliyobaki nguzo na paa, upepo unapita huku na huku. Ndani yake bibi amekaa anacheka.

"Haya, Kalunde, sasa chumba kinakutosha?"

Kalunde akacheka, akalia, akamkumbatia.

Bibi Nyamizi aliondoka duniani, lakini mkono wake ulibaki. Mzee Kasanda mwenyewe ndiye aliyebadilisha mila. Siku ya vihenge ikifika, hachungulii tena. Anagonga kuta. Ukuta ukilia ngo! mwenye nyumba anainamisha uso. Ukilia ndu! wanaitikia, "Imeshiba!" Na Limi alipoolewa, mama yake hakuuliza habari za mahari. Aliingia nyumba ya wakwe, akakunja kidole, akagonga.

Ndu.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema Kalunde.

Basi na ninyi, mkipika leo, toeni konzi ya siku ambayo hamtakuwa na cha kupika. Na siku hiyo ikifika, fungueni mlango. Hadithi yangu imeishia hapo, nendeni mkagonge kuta zenu.