Breki ya Jirani

Ndugu zangu, wapo wahubiri wanaosimulia ya kusikia. Mimi hii nimeiona kwa macho yangu haya, kule milimani nilikokuwa mwinjilisti. Nimeiona yote, hata ile sehemu iliyotendeka wakati wa maombi. Mnacheka? Mwinjilisti mzoefu hufumba jicho moja.

Kulikuwa na muuza kabichi mmoja na baiskeli yake. Breki ya mbele, kile chuma kinachobana ukingo wa gurudumu kama koleo, ilikuwa imekatika mkono mmoja, akaifunga kwa mpira wa tairi. Breki ya nyuma alishaisahau. Akitaka kusimama anaburuza ndala, au anaingia kwenye matuta ya viazi ya watu.

Jirani yake naye alikuwa na baiskeli, na breki mpya inayong'aa. Sasa breki ya mtu inakuuma nini? Isingemuuma. Ila kila Jumapili, ibada ikiisha, mama yake mzazi alikuwa anampita yeye pale alipoishika baiskeli yake, anakwenda kukaa kwenye keria ya jirani. Mbele ya watu wote!

"Nakupenda, baba," anamwambia, "lakini mteremko ule nashuka na mwenye breki."

Kwaya nzima inaangua kicheko.

Wivu ule, ndugu! Akipanga kabichi anaona breki. Akinywa uji anaona breki. Angeweza kununua yake? Angeweza, duka la vipuri lilikuwa palepale sokoni. Lakini aliitaka ile ile, ya jirani.

Jumapili moja, nilipoanza maombi marefu, akatoka taratibu na spana kwenye koti. Baiskeli zimeegemezwa ukutani, namwona kupitia dirishani. Akafungua nati, akaachia waya, akabadilisha: nzima kwake, iliyokatika kwa jirani. Akaizungushia ule mpira vizuri, ukiiona kwa mbali utasema iko sawa. Nilipofika "Amina", yuko kwenye benchi lake, na ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ibada ikaisha. Akawahi mlangoni na baiskeli yake.

"Mama, leo panda kwangu. Breki yangu nzima."

"Nzima tangu lini? Juzi si nimekukuta umelala kwenye viazi?"

"Mama, nakuomba."

"Acha utani, baba. Jirani, twende zetu."

Akapanda. Jirani akakanyaga pedeli, na mteremko ule unaanzia palepale getini. Niambieni, ungekuwa wewe? Unyamaze, mama aende? Au useme, uumbuke?

Akatupa baiskeli yake chini, akaikamata keria kwa mikono miwili, akaburuzwa mpaka suruali ya Jumapili ikachanika magotini. "Shuka, mama! Hiyo breki imekatika!"

Jirani akainama, akaitazama. Kisha akamgeukia.

"Umejuaje?"

Yule bwana akaitoa spana kwenye koti, akampa. Jirani akaipokea, akasema, "Yaishe, jirani. Shika gurudumu tufunge."

Na sisi je? Sisi hatutafuti breki, duka lipo. Tunatafuta mwenzetu aikose. Tunamlegezea nati kazini, tunamlegezea kwenye ndoa yake, kwa maneno, humu humu kanisani. Lakini kabla hujafungua nati ya mtu, umeangalia nani amekaa kwenye keria yake? Huyo mwalimu unayemchafua, si ndiye anayemfundisha mwanao? Huyo muuguzi unayemchimba, kesho si ndiye atakayemgeuza mama yako kitandani?

Jambo moja nimelitunga, nisije nikaulizwa mbinguni. Jirani hakusema "yaishe". Alifunga breki yake mwenyewe, akampakia mama, akashuka bila kugeuka. Mpaka nahama kule, walikuwa hawajasalimiana. Neno hilo nimemtia mdomoni mimi.

Lakini humu ndani yupo mtu, na yuko mwenzake anayelingoja neno hilo kutoka kwake. Ukitoka leo, liseme, unitoe kwenye uongo.